Aliyerudi si fumbo. Fumbo ni anayemkumbuka

Swali: Shikamoo. Niko Mwanza, natengeneza filamu fupi na wenzangu, na skripti ya kurasa 25 nimeiambatanisha. Familia ya mvuvi wa dagaa wa Igoma ina mapacha wa kiume wanaofanana, Kulwa na Doto. Mwaka 2002, wakiwa na miaka sita, Doto anazama ziwani usiku na mwili hauonekani. Mwaka 2024 anatokea kijana anayedai yeye ndiye Doto, ila alipigwa kichwani na hakumbuki kitu. Mwishoni anagongwa na bodaboda, kumbukumbu zinarudi zote, anamtaja mama kuwa ndiye aliyemtoa kwa watu. Nimewasomea watu wanne, wote wamemjua mama kabla ya ukurasa wa kumi. Tuna kamera moja, taa mbili za LED, maiki mbili na siku nne za kushuti. Nirekebishe wapi?

Jibu: Marahaba. Nimeisoma yote. Umemfanya kijana aliyesahau kuwa fumbo, na mtazamaji wa leo ameshawaona wengi wa namna hiyo. Akiona mtu hakumbuki, anatulia kusubiri akumbuke. Muda huo wa kusubiri hana kazi nyingine zaidi ya kuwapekua wahusika waliobaki, na kwako amebaki mama peke yake. Ndiyo maana wanne wote wamemkamata.

Lakini ukurasa wa tatu Kulwa anasema, "Mimi ndiye niliyemwona mara ya mwisho." Umeipita sentensi hiyo kama njia ya kufikia mambo mengine. Mimi ningejenga filamu nzima juu yake.

Kwanza tuondoe pigo la kichwa. Pigo kubwa la kupoteza fahamu kwa kawaida hufuta dakika, saa au siku zinazoizunguka ajali, na kwa muda humfanya mtu ashindwe kushika mambo mapya. Jina lake, mama yake na utoto wake hubaki, kwa sababu kumbukumbu kongwe ndizo ngumu kung'oka. Henry Molaison, Mmarekani aliyeondolewa sehemu za ndani za ubongo pande zote mbili mwaka 1953 ili kutibiwa kifafa, hakuweza tena kutunza kumbukumbu mpya za matukio hadi alipofariki 2008. Hata hivyo jina lake alilijua, na mambo ya utotoni aliyasimulia. Pigo la pili nalo halirudishi chochote, linaongeza jeraha tu. Watu kupoteza utambulisho wao wote imewahi kutokea: mwaka 1887 mhubiri Ansel Bourne wa Rhode Island, Marekani, alizinduka Norristown, Pennsylvania, akakuta kwamba kwa majuma kadhaa amekuwa akiendesha kaduka kwa jina la A. J. Brown. Ila hali hiyo ni adimu, huja na msongo mkubwa wa nafsi, na ukiiweka ndani ya dakika 25 itakula filamu yote.

Habari njema ni kwamba huhitaji ugonjwa wowote. Kumbukumbu za kwanza za mtu mzima kwa wastani huanzia umri wa miaka mitatu na nusu hivi, na za miaka sita hubaki vipandevipande. Mtoto wa umri huo akihamishwa nyumba, akabadilishiwa jina na lugha, anaweza kusahau mengi bila kuguswa. Mwaka 2003 watafiti wa Ufaransa walichapisha matokeo kuhusu watu waliozaliwa Korea na kuasiliwa na familia za Kifaransa wakiwa na miaka kati ya mitatu na minane. Walipokuwa watu wazima hawakuweza kuitambua sentensi ya Kikorea ikichanganywa na za lugha nyingine wasizozijua. Basi Doto wako akulie Bukoba, aongee Kihaya na Kiswahili, Kisukuma asijue hata salamu. Amejifunza "mwangaluka", salamu ya asubuhi, njiani, anawaamkia mashangazi zake jioni, wakati wa "mwadila". Ukumbi mzima utasema huyu ni tapeli. Umepata shaka ya bure, na haidanganyi, kwa sababu kusahau huko ni kwa kweli.

Ushauri wangu: awe Doto kweli. Watazamaji wamezoea aliyerudi awe wa bandia, na historia ya kweli inayosukuma hadithi hizi ndivyo ilivyokuwa. Huko Artigat, kusini mwa Ufaransa, Arnaud du Tilh aliishi miaka mitatu kama Martin Guerre, mwanakijiji aliyekuwa ametoweka, akakubaliwa na mke na kijiji, mpaka Martin halisi alipotokea mahakamani na mguu wa mti; Arnaud akanyongwa mwaka 1560. Chukua kitu kimoja tu hapo: ugomvi ulichochewa na mali, pale alipomdai baba mdogo mahesabu ya mashamba. Familia yako haina cha kupoteza Doto akirudi. Wape kiwanja cha ufukweni, baba amefariki, na ukoo unakaa kugawana. Hapo swali la "huyu ni nani?" linapata bei.

Sasa Kulwa. Mfanye wa kike. Majina ya Kulwa na Doto hayachagui jinsia, kwa hiyo hakuna kinachoharibika, na unaokoa mambo mawili. Mapacha wa kufanana wangelimaliza fumbo mlangoni, maana uso wa Kulwa ungekuwa ushahidi tosha. Na ungelazimika kumtumia mwigizaji mmoja katika nafasi mbili, kushuti kila sini mara mbili na kuunganisha picha. Kwa siku nne hilo usilifikirie.

Na familia ihame Igoma. Igoma iko barabara ya Musoma, mbali na maji. Mvuvi wa dagaa kukaa huko na mtoto wa miaka sita kufika ziwani usiku kunataka maelezo ambayo huna. Kuna jambo zito zaidi: Igoma ndiko walikozikwa wengi waliokufa kwenye MV Bukoba, Mei 21, 1996. Ukitaja Igoma na mtoto aliyepotelea ziwani, mtazamaji wa Mwanza atafikiria meli ile, na wapo watakaoitazama filamu yako wakiwa na majina ya marehemu wao moyoni. Usiutumie msiba huo kama pambo. Peleka nyumba Igombe au Kayenze, penye mialo ya wavuvi na mawe, kisha usitaje meli yoyote.

Turudi kwenye ile sentensi ya Kulwa. Mama alimtoa Doto usiku kwa mtumbwi, apelekwe kwa mtu Bukoba. Sababu utaichagua wewe, ila iwe ndogo na ya kibinadamu, deni kwa mfano, au mtu asiye na mtoto aliyeahidi kumsomesha. Baba na wazee asingeweza kuwaambia, akasema mtoto ameingia mtumbwini peke yake, umeondoka naye. Uongo wa namna hiyo unataka shahidi. Akampata binti wa miaka sita aliyekuwa amelala ndani. "Si ulimwona, mwanangu? Ulikuwa umesimama pale jiweni." Kila mwaka, kila mgeni akija, Kulwa anaambiwa asimulie. Leo ana miaka 28 na anaiona picha ile waziwazi, mpaka rangi ya shati. Hakuwahi kuwepo.

Hilo halijatiwa chumvi. Mwaka 1995 Elizabeth Loftus na Jacqueline Pickrell waliwapa watu wazima 24 visa vya utoto wao vilivyokusanywa kwa ndugu: vitatu vya kweli na kimoja cha kutunga, kwamba waliwahi kupotea kwenye jengo la maduka. Karibu robo yao walikikubali kile cha kutunga, kamili au kwa sehemu, na wengine wakakiongezea maelezo yao wenyewe. Ona aliyehitajika ili uongo ushike: ndugu. Mgeni angekuambia ulipotea ungebisha. Mama akisema, unaanza kutafuta. Na picha ina nguvu kama neno. Katika jaribio la 2002, karibu nusu ya walioonyeshwa picha ya kughushi wakiwa utotoni ndani ya puto la kurukia walianza "kukumbuka" safari hiyo. Kwa hiyo ukutani kwa mama weka picha moja ya studio ya mapacha, yenye mandhari iliyochorwa nyuma, na shati la Doto kwenye picha liwe lilelile la kwenye kumbukumbu ya Kulwa. Usiisogelee na kamera. Iwe nyuma ya kichwa cha mama anapoongea habari za deni.

Namna ya kuonyesha kumbukumbu hiyo ndiyo itakayoamua kama mtazamaji ataona umemchezea au umemdhulumu. Mwongozaji Alfred Hitchcock alifungua filamu ya Stage Fright ya mwaka 1950 kwa fleshibeki (sini ya kurudi nyuma) ya uongo, watu wakalalamika, naye baadaye akakiri kwamba ilikuwa kosa. Ilionyeshwa kama picha ya filamu yenyewe, na mtazamaji huamini picha kuliko mdomo. Wewe una kinga: anayesimulia hadanganyi, anaamini. Ila fleshibeki ianzie kwenye sauti yake na iishie kwenye uso wake, kila mara. Isije hata mara moja pasipo mtu anayeisimulia.

Ndani ya fleshibeki hiyo weka kasoro tatu, zote zikiwa wazi.

Ya kwanza ni mahali pa kamera. Mtu akikumbuka jambo aliloliona mara nyingi analiona kwa macho yake, kutokea pale aliposimama, japo kumbukumbu za zamani huweza pia kuja kutokea nje, mtu akijiona mwenyewe. Mwonyeshe Kulwa mtoto amesimama jiweni, mgongo kwetu, Doto akipanda mtumbwi mbele yake. Hakuna atakayeuliza, kwa kuwa filamu zote zinafanya hivyo. Mwishoni rudisha shoti ileile, jiwe, mtumbwi, Doto, na nafasi ya Kulwa iwe tupu. Hapo hutahitaji maneno.

Ya pili ni mwezi. Kulwa anasema, "Mbalamwezi ilimulika uso wake, na nyuma yake taa za dagaa zimejaa ziwa zima." Wa Dodoma atapita hapo bila kujikwaa. Wa mwaloni atashtuka, maana dagaa wa taa huvuliwa siku za giza. Mwezi ukiwa mpevu taa haivuti kitu na wavuvi wanapumzika. Kama taa zilikuwepo, mwezi haukuwepo, na uso asingeuona. Muweke mzee mmoja katika kikao cha ukoo, mvuvi wa zamani, aulize tu, "Ulisema siku hiyo kulikuwa na mwezi?" Kisha mazungumzo yaendelee na kiwanja. Usimfafanulie mtazamaji hapo. Mwache wa mwaloni amnong'oneze jirani yake.

Ya tatu ni taa zenyewe. Mwaka 2002 mialo ilikuwa ya karabai, zile za mafuta ya taa zenye pampu na utambi, zinazounguruma kwa sauti nyembamba. Taa za LED zilienea baadaye. Kulwa amekua akiona taa nyeupe za LED, basi kumbukumbu yake ya uongo inajaza ziwa taa nyeupe, kimya. Kwa hiyo usihangaike kutafuta karabai hamsini. Zitafute mbili tu zinazowaka, ziwe za Doto. Yeye usiku ule hana picha yoyote kichwani. Ana sauti ya karabai ikivuma karibu na sikio, kwa sababu ndiyo iliyokuwa kando yake mtumbwini. Mtu akiwasha karabai uani kwa mama, Doto anaacha kula. Kulwa hashtuki, anaendelea kumenya ndizi. Tofauti hiyo ya nyuso mbili kwenye shoti moja ina uzito kuliko bodaboda yako na hospitali yake.

Sasa kuishuti shoti ya jiwe, maana ikikosewa filamu haina mwisho.

Panga usiku wa giza, siku tatu kabla au baada ya mwezi kuandama, ili taa za wavuvi ziwepo bure kwenye upeo. Mwezi utaufanya wewe: taa moja ya LED juu, kwenye stendi ya mita tatu, nyuma ya kamera upande wa kushoto, imuangukie Doto. Taa ikiwa ya Kelvin 5600, funga mizani ya rangi (white balance) ya kamera kwenye 4300 hivi na mwanga utatoka na ubluu wa mbalamwezi bila karatasi ya rangi. Mwezi wenyewe usionekane kamwe kwenye fremu. Lenzi ya milimita 24 au 28 inayofungua hadi 1.8, fremu 25 kwa sekunde, shata 1/50, ISO kati ya 1600 na 3200 kadiri kamera yako inavyovumilia chembechembe. Fokasi iwe ya mkono, umbali umepimwa na alama ya chaki jiweni. Ukiiacha otomatiki, Kulwa akishaondoka itaanza kutafuta pa kushika na shoti ya pili haitafanana na ya kwanza. Zima pia kitulizaji cha lenzi, kwa sababu kamera ikiwa juu ya stendi chenyewe huisogeza picha polepole. Miguu ya stendi ichorewe chaki na katikati uning'inize mfuko wa mchanga.

Piga kwanza Kulwa na Doto pamoja, kisha Doto peke yake, kisha jiwe na mtumbwi bila mtu kwa sekunde 60. Mtu mmoja ahesabu kwa sauti, moja hadi kumi na mbili, na Doto apande mtumbwi kwenye saba kila mara. Sauti ya hesabu utaitoa kwenye uhariri. Zote tatu zimalizike ndani ya robo saa, kwa sababu mitumbwi ya ziwani husogea na mpangilio wa taa kwenye upeo hubadilika. Ukichelewa, mtazamaji ataona kuna kitu tofauti bila kujua nini, na atadhani ni kosa lako.

Watoto hao ni wa miaka sita. Mtumbwi ufungwe kamba kwenye jiwe, mtu mzima anayejua kuogelea alale ndani nje ya fremu, Doto avae jaketi la kuokolea chini ya shati pana. Wapande kutokea jiweni. Wasisimamishwe majini, hasa penye majani na konokono, maana ufuko wa ziwa hili una kichocho na kinaingilia kwenye ngozi. Mzazi awepo, na saa tatu usiku wawe wanakwenda kulala. Ongea mapema na viongozi wa BMU, kikundi cha usimamizi wa mwalo huo. Wao ndio watakaokuambia wavuvi wanatoka siku gani, na wapi mamba au kiboko ameonekana.

Sini za mchana zina matatizo mengine. Mwanza tuko karibu na ikweta, jua huchomoza karibu saa 12:45 asubuhi na kuzama karibu saa 12:50 jioni, na linafika utosini karibu saa 6:50 mchana. Kuanzia saa nne mpaka saa tisa na nusu macho ya mwigizaji yanageuka mashimo meusi, na hiyo ni hadithi ya nyuso. Muda huo shuti ndani. Giza nalo likija linakuja haraka: baada ya jua kuzama una dakika 20 hivi za anga la bluu, zitoshe shoti mbili zilizofanyiwa mazoezi, si nne. Upepo wa ziwani huanza kupata nguvu kuelekea adhuhuri, hivyo mazungumzo ya ufukweni yamalizike kabla ya saa nne asubuhi, na maiki ivishwe manyoya hata kama husikii upepo. Msimu mzuri ni Juni hadi Septemba. Mvua juu ya bati haina dawa kwenye uhariri. Usiku wadudu wa ziwani watavamia taa zako, kwa hiyo washa taa ya tatu ya hovyo mita 20 pembeni, zako ziwake wakati wa shoti tu.

Kwa sauti, rekodi dakika nzima ya ukimya wa kila mahali unaposhuti. Halafu kwenye fleshibeki ya Kulwa toa upepo na maji kabisa. Iwe sauti yake na nyayo tu. Kwenye shoti ya mwisho, ile yenye nafasi tupu, rudisha vyote: upepo, maji yakigonga ubao, karabai. Mtazamaji hatajua kwa nini safari hii anaamini, lakini ataamini.

Nyumba ya mama uitumie pia. Florian Zeller, katika The Father ya mwaka 2020, alibadilisha rangi na samani za nyumba kati ya sini na sini ili tuchanganyikiwe pamoja na mzee anayepoteza kumbukumbu. Wewe chukua kidogo: pazia, kabati na ile picha ya studio. Kulwa anaposimulia nyumba ya utotoni, pazia ni jekundu. Mama anaposimulia, ni la kijani. Badilisha kati ya sini, kamwe si katikati ya sini, na mtu mmoja apige picha ya simu ya chumba kabla ya kila mabadiliko. Bila hivyo siku ya pili hamtajua lipi ni kosa na lipi ni makusudi.

Mama amejulikana mapema kwa sababu ndani ya skripti hana kazi. Kila sini amekaa, anakwepa macho, na umeandika muziki mzito akiingia. Mpe dagaa wa kuanika, mteja anayechelewesha pesa na mgongo unaouma. Akikwepa swali, awe na sababu nyingine ya kweli ya kulikwepa. Muziki wake futa. Na siri yake usiifiche mpaka mwisho. Katika Vertigo ya mwaka 1958 mtazamaji anaambiwa siri zikiwa zimebaki dakika nyingi, mhusika mkuu hajui, na kuanzia hapo tunamwogopea. Fupisha skripti iwe kurasa 18. Ukurasa wa 12 mama apige simu Bukoba, sentensi tatu tu, sisi tusikie. Kurasa sita zinazobaki ni kikao cha ukoo, Kulwa akiapa mbele ya wazee kwamba alimwona pacha wake kwa macho yake, hivyo huyu hawezi kuwa Doto. Tunajua hasemi uongo na tunajua si kweli. Mama amekaa pembeni, anaweza kumwokoa mmoja wa watoto wake kwa kumvunja mwingine. Hiyo ndiyo filamu.

Swali litakaloulizwa na kila mtu: kwa nini hawapimi DNA? Lijibu wewe kabla hawajauliza. Kipimo kipo, ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali inakifanya, lakini maombi hupitia kwenye mamlaka kama mahakama au ustawi wa jamii. Huendi kununua kama kipimo cha malaria. Baba amefariki, mama anakataa kutoa sampuli, na kulinganisha ndugu kwa ndugu hakuna uhakika wa kumlinganisha mtoto na mzazi wake. Baba mdogo akisema hayo kwa sentensi mbili za hasira yatosha, na kukataa kwa mama kutaonekana ni aibu ya kupelekwa ofisini.

Kwa siku nne gawa hivi: siku ya kwanza na ya pili nyumbani kwa mama, kurasa 11 na kikao kikiwemo. Kikao kishutiwe siku ya pili asubuhi, wakiwa na nguvu, na uso wa Kulwa uanze, wazee wafuate. Siku ya tatu mchana mlale, jioni na usiku ni jiwe. Siku ya nne alfajiri ni mwaloni na dagaa, halafu ile simu. Usiku wa giza ndio unaofunga ratiba, kwa hiyo anza na kalenda ya mwezi, ndipo upange mengine. Kibali cha Bodi ya Filamu kiombwe mapema, na wanataka kuona skripti. Afisa utamaduni wa halmashauri atakuelekeza. Drone iache, maana ina kibali chake cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, uwanja wa ndege uko hapo Ilemela, na filamu hii haihitaji kuona kitu kutoka juu. Jiwe la Bismarck nalo liache. Liko kwenye kila kalenda, na mtazamaji akiliona anakumbuka kwamba anaangalia filamu ya Mwanza.

Ukishaandika upya, wasomee watu wengine wanne, si walewale, wawili wawe wa mwaloni. Usiwaulize kama wameipenda. Wasimamishe ukurasa wa 5, wa 11 na wa 15, kila mmoja aandike kwenye karatasi, bila kusikia wenzake, anadhani nini kilitokea usiku ule. Ukurasa wa 5 majibu yatofautiane. Ukurasa wa 11 wengi waseme kijana ni tapeli. Kama kuna aliyeandika "Kulwa hakuwepo" kabla ya swali la mzee kuhusu mwezi, punguza maneno ya Kulwa kwenye fleshibeki ya kwanza. Pengine unamfanya asimulie kwa ufasaha mno. Na kama wa mwaloni hawajashtushwa na mwezi, neno "mbalamwezi" limemezwa na sentensi ndefu. Lipeleke mwanzo wa sentensi.